Probu ya pH ikianza kukudanganya

Juzi jirani yangu hapa Malindi kanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, ati tangi lake la samaki limeharibika, pH, kile kipimo cha asidi ya maji, imeshuka mpaka 7.6. Nkamuuliza samaki wako vipi, akasema wazima tu, wanadai chakula. Nkamwambia basi ngoja usitie kitu. Nilipofika nkamkuta keshashika kijiko cha bekingi soda mkononi. Tangi la maji chumvi kushuka kidogo alfajiri ni kawaida, usiku taa zimezimwa mwani haufanyi kazi na kaboni dayoksaidi inajaa majini, jioni pH inapanda tena. Lakini kushuka mpaka 7.6 kulikuwa kumezidi, nkaichomoa probu, kile kijiti cha kupimia pH, nkaona kile kigololi cha kioo pale nchani kimevaa utando wa kijani mpaka hakionekani. Tukaisafisha, tukaikalibreti, yaani tukairekebisha isome sawasawa, ikasoma 7.9. Angetia ile soda angewasumbua samaki bure.

Kwa hivyo kabla hujatia dawa na kabla hujanunua probu mpya, safisha kwanza. Probu nyingi zinazotupwa hazijafa, zimechafuka tu.

Kusafisha kwenyewe ni hivi. Zima stima za tangi, chomoa plagi kabisa, alafu ndo uingize mkono. Toa probu uisuuze na maji ya betri, yale maji safi wanayouza petroli stesheni na maduka ya spea, lakini soma chupa vizuri maana rafu hio hio huwa na asidi ya betri na ukichanganya hapo umekwisha. Mwili wa probu upige mswaki laini, wa mtoto ndo mzuri. Kigololi usikisugue, kile kioo ni chembamba sana, kipapase tu kwa pamba iliyolowa, na ukikausha usipanguse, gusisha tishu tu inyonye maji. Ukiona chokaa nyeupe au ile rangi ya waridi imeganda, chovya ncha kwenye siki nyeupe dakika kumi hivi. Utando ukikataa, tumia klorini ya kufulia isiyo na manukato, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, dakika kumi na tano, usuuze mpaka harufu iishe. Siki na klorini zisikutane kikombe kimoja hata siku moja jamani, zinatoa gesi ya sumu.

Karibu na kigololi kuna kijiwe kidogo chenye vitundu vidogo vidogo, chumvi ya ndani ya probu inakutana na maji hapo. Hicho kikiziba probu inakuwa nzito, unaitia kwenye bafa, yale maji ya kukalibreti yenye pH inayojulikana, inachukua dakika tano kutulia wakati zamani ilikuwa nusu dakika. Sisi tunaochota maji ya bahari tuna shida hio zaidi, kaskazi ikivuma ule udongo wa mto Sabaki unasukumwa kuja huku mpaka bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mimi siku hizi nachota upande wa Mayungu maji yakiwa yamejaa, nayaacha kwenye pipa siku mbili yatuame, alafu nachuja. Hata tangi lenyewe linafurahi.

Ukishasafisha usikimbilie kukalibreti, iloweke kwanza saa moja mbili kwenye maji yake ya kuhifadhia, yale ya chumvi ya potasiamu kloraidi. Na hapa ndo watu wengi huua probu bila kujua: wanaiweka kabatini kwenye maji ya betri wakidhani safi ndo bora. Maji ya betri ni ya kusuuza tu, ukiilaza humo yananyonya chumvi ya ndani. Huna maji yake, afadhali uiweke kwenye bafa ya 4 au ya 7. Na isikauke.

Kukalibreti kwa maji chumvi unatumia bafa ya 7 na ya 10, kwa sababu tangi lako linakaa hapo katikati. Wa maji matamu yenye asidi atumie 7 na 4. Mimina bafa kidogo kwenye kikombe cha kahawa, tia probu, izungushe polepole, ngoja namba isimame, suuza, nenda ya pili. Bafa uliyomimina usiirudishe chupani, imwage, hasa ile ya 10, inavuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kushuka yenyewe. Tazama pia jedwali la joto pale ubavuni mwa chupa, namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya nyuzi 25, na nyumba zetu mwezi wa pili saa nane mchana zinafika 30 na zaidi, hapo bafa ya 10 ni kama 9.97. Sio tofauti kubwa, ila ukiijua hushangai.

Kama kifaa chako kinaonyesha milivolti, umepata daktari wa bure. Probu nzima kwenye bafa ya 7 inasoma karibu na sifuri, ikipita 30 juu au chini anza kuishuku. Kutoka 7 kwenda 10 itembee kama milivolti 177. Ikitembea chini ya 150 hata baada ya kusafishwa na kulowekwa, hio imezeeka, agiza nyingine. Kwa kawaida ni mwaka mmoja mpaka miwili.

Lakini kuna ugonjwa mmoja ulionilia pesa. Namba ilikuwa inarukaruka, 8.1, 8.6, 7.9, nkaagiza probu mpya Nairobi, ikaja na basi, nkaifunga, ikarukaruka vile vile. Kumbe waya wa pampu umechubuka na stima inavuja majini. Jaribio lake ni rahisi: chota maji ya tangi kwenye kikombe cha plastiki, tia probu humo. Ikitulia kwenye kikombe na kuruka kwenye tangi, probu haina kosa, kuna kitu kinavuja. Chomoa vitu kimoja kimoja mpaka umpate mwizi, na mkono usitie majini mpaka umalize.

Ukinunua mpya usikubali iliyokaa dukani miaka, inazeeka hata ndani ya boksi. Mimi niliwahi kuuziwa moja kifuniko kikavu kabisa, haikufika hata miezi mitatu. Chumvi nyeupe pembeni ya kifuniko sio ubovu, suuza tu. Ukiona povu la hewa ndani ya kigololi itikise kwa kuishusha chini, kama zile thermometa za zamani. Iloweke, ikalibreti, ndo uifunge: ncha iangalie chini, pahali penye mkondo lakini pasipo na taa. Na kama iko kwenye sampu, lile tangi dogo la chini ambapo maji hupitia, pima maji yakiwa juu na yakiwa chini. Stima ikipotea maji yote ya bombani yanarudi sampu na yanapanda, yakifika kichwani pale waya unapoingilia, imekwenda. Joto la kaskazi nalo linakausha maji, siku mbili hujaongeza na ncha inaning'inia hewani. Kile kiungio cha waya nyuma ya kifaa kikague pia, hewa yetu ya chumvi hapa pwani inakila.

Zile probu nyingine zisizo za pH hazina makuu. Ya chumvi haina kioo cha kuzeeka, ipige mswaki, itikise itoe mapovu, kwa sababu povu likinasa inasoma chini, alafu ijaribu na maji ya kupimia ya milisimensi 53 (kipimo cha maji kupitisha umeme), ambayo ni sawa na chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji. Ya ORP, ile ya kupima nguvu ya maji ya kuunguza uchafu, ukishaisafisha usiiamini siku hio hio, iache mpaka kesho. Ya joto ilinganishe na thermometa nyingine, ila sio ile ya homa, nyingi hazisomi chini ya 32.

Probu mpya ikishaingia, ile kuukuu kama bado inatembea milivolti 160 kutoka 7 kwenda 10 isafishe, ifunike na maji yake, ibandike selotepu na tarehe. Ya kwangu iko mlangoni mwa friji karibu na chupa ya achari, na mke wangu keshauliza mara mbili itatoka lini.