Kabla hujapaa Mtwara, pima mzigo

Wenzangu mnaorusha ndege nyepesi kwenye kompyuta, anzeni na ukurasa wa mzigo. Kikomo kilichozoeleka kwa ndege hizi ndogo za viti viwili ni kilo 600 ikiwa imejaa. Ndege tupu tuseme kilo 350, watu wawili 160, petroli lita 100 kama kilo 72. Zinabaki kilo 18, kwa hiyo gunia la korosho libaki nyumbani.

Njia yangu ni Mtwara–Lindi: unafuata pwani, Mikindani, Sudi, mpaka uwanja wa Kikwetu, kama nusu saa kwa noti 90 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Weka upepo wa kusi, noti 12 hivi, wenye vurugu kidogo. Hapo ndipo utaona ndege inavyopeperushwa kama karatasi.

Kosa letu wengi ni kutua kwa kasi. Ukizidisha noti 10 tu, inaelea juu ya njia ya kutulia, haitaki kushuka. Ukilazimisha pua chini, inadunda. Punguza nguvu mapema, macho yatazame mwisho wa njia, miguu isilale kwenye pedali zinazogeuza usukani wa mkia. Huna pedali? Joistiki (fimbo ya kuongozea) inayozunguka inatosha. Otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege wenyewe, izime, kwa safari hii ni uvivu tu.