Namna ya Kuandika Historia ya Kikosi cha Kadeti cha Chuo Kikuu

Mwanafunzi wa historia hapa Mombasa anayetaka kuandika juu ya mafunzo ya maafisa wa jeshi katika vyuo vikuu vya Marekani, yaani ROTC, hana budi kwanza kuiweka kando picha aliyokua nayo. Sisi tunaoishi jirani na kambi ya Wanamaji ya Mtongwe tumezoea kuona kijana anayetaka uafisa akienda chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, akaishi kijeshi usiku na mchana. Kadeti wa ROTC ni mwanafunzi wa uhandisi, uuguzi au fasihi kama wenzake, ambaye huvaa sare kwa siku chache za wiki na kwa kawaida kupewa cheo cha luteni wa pili anapohitimu shahada.

Anza na sheria kabla ya sherehe. Alden Partridge, aliyekuwa afisa wa jeshi la Marekani, alifungua chuo chake cha kijeshi huko Norwich, Vermont, mwaka 1819, akiamini kwamba raia aliyesoma aweza kuwa afisa mwema. Sheria ya Morrill ya 1862, iliyopitishwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, ilizipa majimbo ardhi ya kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi kwa sharti kwamba mbinu za kijeshi zifundishwe humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1916 ndiyo iliyounda ROTC yenyewe. Ukiwa na tarehe hizi, kila badiliko katika kumbukumbu za chuo unachokichunguza litakuwa na mahali pa kuegemea. Wanafunzi wenye ufadhili wakiongezeka baada ya 1964, ikumbuke sheria ya mwaka huo iliyopanua ufadhili. Majina ya wanawake yakijitokeza katika kikosi cha nchi kavu miaka ya 1970, kumbuka kwamba mlango huo ulifunguliwa 1972. Na idadi ikishuka ghafla karibu na 1970, tazama upinzani dhidi ya vita vya Vietnam na kufutwa kwa gwaride la lazima katika vyuo vingi.

Kazi ngumu zaidi ni orodha ya viongozi, na hapa nimeona insha nyingi nzuri zikiharibika. Andika orodha mbili, usizichanganye kamwe. Ya kwanza ni ya afisa anayeletwa na jeshi kwa miaka michache kukiongoza kikosi, aitwaye Profesa wa Sayansi ya Kijeshi. Katika nyaraka za zamani cheo hicho huongezewa neno “Mbinu”, nawe usidhani ni mtu mwingine. Ya pili ni ya kadeti wenyewe, kuanzia kamanda wa batalioni, ambaye kwa kawaida ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na wasaidizi wake, ambao hubadilika kila mwaka au hata kila muhula. Afisa wa kweli mara nyingi ni luteni kanali, na kamanda wa kadeti naye huandikwa “luteni kanali wa kadeti”. Neno hilo moja la mwisho likidondoka katika maelezo ya picha, mwanafunzi wa miaka ishirini na mmoja ataingia katika historia kama mkuu wa kikosi.

Binafsi naipa orodha ya pili uzito mkubwa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha uongozi ukifundishwa kwa vitendo, kijana akiwaamuru na kuwajibikia wenzake. Colin Powell, aliyepata cheo chake cha kwanza kupitia kikosi cha City College ya New York mwaka 1958 na kuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani mwaka 1989, alianza hivyo hivyo.

Majina hayo hupatikana katika vitabu vya picha vya kila mwaka, magazeti ya wanafunzi na ratiba za mahafali, ambavyo vyuo vingi vimeviweka kwenye intaneti. Kwa kuwa mwaka wa masomo huko hukata miaka miwili, andika 1968–69 badala ya 1968 pekee. Jina lisipopatikana, acha mstari wake wazi ukiwa na mwaka wake, ili atakayekutana na picha au barua ya wakati huo ajue pa kulijaza.