Usianze na jina: namna ya kuitambua kamera ya zamani iliyokufikia mkononi

Kamera ya kwanza niliyoinunua nikijiita mkusanyaji ilikuwa Leica, ile ya Kijerumani yenye jina kubwa. Ndivyo ilivyoandikwa juu yake, kwa mwandiko wa kujipinda wa kupendeza, na pembeni kulikuwa na tai wa jeshi la Hitler. Muuzaji alisema iliachwa na Mzungu mmoja enzi za vita. Nikatoa laki tatu bila kupunguziwa hata shilingi, nikaenda nayo nyumbani nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Miezi miwili baadaye mzee mmoja fundi saa akaizungusha lenzi hadi ikatoka, akachungulia ndani kwa muda wa kumeza mate, akanirudishia.

"Hii ya Mrusi, mwanangu."

Alichokiona nitakieleza mbele, kwenye hatua ya sita. Hapa nataka ujue tu kwa nini mwongozo huu unalipeleka jina mwisho. Jina ni rahisi kulichonga upya. Ukubwa wa filamu, namba za kasi, rangi ya kioo na vyuma vya ndani ni vigumu zaidi kuvidanganyia.

Hatua ya 1: Usifungue mgongo

Kamera ikitolewa kabatini, kila mtu mkono wake unakwenda kwenye kitasa cha nyuma. Ngoja kwanza. Huenda ndani mna filamu, na mwanga wa sekunde moja unatosha kuiunguza.

Kama ni kamera ya filamu ya kawaida, ile ya milimita 35 iliyo ndani ya kikopo, tafuta kirungu cha kurudishia filamu, mara nyingi kiko juu upande wa kushoto. Kizungushe polepole kufuata mshale. Kikizunguka hovyo, ndani ni patupu. Kikikaza, mna filamu: bonyeza kitufe cha kuiachia, aghalabu kiko chini, kisha irudishe yote kikoponi ndipo ufungue. Kama ni kamera ya sanduku au ya kukunjua, tazama kidirisha chekundu cha mgongoni. Ukiona namba humo, filamu ipo. Izungushe mbele mpaka karatasi yake iishe kabisa.

Niliwahi kuletewa Brownie ya sanduku yenye namba 6 kidirishani. Filamu ile hutoa picha nane. Nikaizungusha hadi mwisho, nikaisafisha kwenye beseni chooni usiku. Picha mbili zikatoka, zenye ukungu lakini zinasomeka: wanawake watatu wenye kanga mbele ya jiko la makuti, na mtoto analia. Aliyeniletea kamera aliitazama ile ya pili muda mrefu, akasema yule mtoto ni mama yake.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa

Tochi ndogo yenye mwanga mkali, lenzi ya kukuzia kama ya fundi saa, brashi laini ya vipodozi ambayo haijaguswa na poda, kitambaa cha pamba, daftari. Bisibisi iache droo. Siku utakayoihitaji utakuwa umeshajua unachofungua.

Hatua ya 3: Pima nyumba ya filamu

Sasa fungua. Ukubwa wa filamu unakupa umri kwa makadirio, na pia unakuambia kama kamera itapiga picha tena au itakaa kwenye rafu.

Filamu ya 120 ilianza mwaka 1901 na mpaka leo inatengenezwa. Kamera za macho mawili kama Rolleiflex, Yashica-Mat na Lubitel zinaitumia, kwa hiyo hizo zina maisha. Kodak walileta 620 mwanzoni mwa miaka ya 1930: filamu yenyewe ni ileile ya 120, ila kigurudumu chake ni chembamba na kidogo zaidi. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 1995. Ukitaka kuitumia kamera ya 620, ingia chumba chenye giza totoro uihamishe filamu ya 120 kwenye kigurudumu cha 620. Ndiyo maana kigurudumu kitupu ukikikuta ndani ya kamera hutakiwi kukitupa. Wapo wanaokinunua peke yake. Kikopo cha milimita 35 tunachokijua sote kililetwa na Kodak mwaka 1934 pamoja na kamera yao ya Retina.

Mara nyingi jibu limeandikwa ndani ya mfuniko: "USE 620 FILM". Soma.

Angalizo moja zito. Ukikuta makopo ya filamu za sinema za milimita 35 za kabla ya miaka ya 1950, usiyaweke sebuleni. Huenda ni filamu za naitreti, ambazo hushika moto upesi na huendelea kuungua hata zikifunikwa, maana zinajitengenezea hewa ya kuungulia. Kodak waliacha kuzitengeneza mwaka 1951. Ukiona neno "SAFETY" limechapwa ukingoni, ni nyingine, isiyo na balaa hilo. Hiyo ikizeeka hunuka siki.

Hatua ya 4: Soma maandishi madogo, halafu namba za kasi

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Geuza kamera, tazama chini, ndani ya mgongo, kwenye ngozi, kuzunguka kioo.

"Made in Occupied Japan" inakupa tarehe bila ubishi: ni kati ya 1945 na 1952, Japani ilipokuwa chini ya Wamarekani na wenzao. "D.R.P." na "D.R.G.M." ni alama za hataza za Ujerumani ya zamani, kwa hiyo fikiria kabla ya vita au vita vilipokuwa vikiendelea. "DDR" ni Ujerumani Mashariki, ambayo haikuwepo kabla ya 1949. Lenzi iliyoandikwa "aus Jena" tu, bila jina Zeiss, ni ya huko Mashariki pia: baada ya vita Zeiss, kampuni ya Kijerumani ya lenzi, iligawanyika mbili, nusu hizo zikagombania jina, ikabidi lenzi nyingine za kupeleka nje zitoke bila jina la ukoo. Kibandiko cha dhahabu chenye umbo la yai na neno "PASSED" ni cha wakaguzi wa Japani. Wauzaji hukisifia, lakini kilibandikwa kwenye kamera nyingi mno; hakiongezi bei.

Kisha soma kasi za shata, yaani kilango cha ndani kinachofunguka kupitisha mwanga; namba 25 maana yake ni sehemu moja ya 25 ya sekunde. Mfuatano wa zamani ni 1, 2, 5, 10, 25, 50, 100, 250. Mfuatano mpya ni 1, 2, 4, 8, 15, 30, 60, 125, 250. Ukiona 25, 50, 100, uwezekano mkubwa ni kwamba kamera ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950. Tundu la kuchomekea flashi lenye herufi X au M linaelekea baada ya vita. Na ukikuta Kodak ya kukunjua ambayo namba za tundu la mwanga ni 4, 8, 16, 32, 64, 128, usishangae: huo ni utaratibu wa kale, na 16 yake peke yake ndiyo inayolingana na 16 ya leo. Kodak ya kukunjua yenye kimlango chembamba mgongoni na kijiti cha chuma cha kuandikia ni Autographic, ya kati ya 1914 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mpiga picha aliandika tarehe moja kwa moja kwenye filamu. Nikiishika hiyo huwa namwonea wivu, maana picha zangu za simu sijui hata zilipigwa wapi.

Hatua ya 5: Tochi kwenye kioo

Fungua tundu la mwanga hadi mwisho, washa tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa kuinamisha lenzi kidogo. Vumbi ni nukta, halidhuru. Kuvu huonekana kama mizizi myembamba au utando wa buibui, na sisi watu wa pwani tunakula naye sahani moja. Madoa ya upinde wa mvua pembezoni maana yake gundi inayoshika vioo viwili imeanza kuachia.

Angalia pia mng'ao. Lenzi za kabla ya vita kwa kawaida hurudisha mwanga mweupe kama kioo cha dirisha. Za baada ya vita zimepakwa tabaka jembamba, zinarudisha bluu au zambarau. Herufi T nyekundu kwenye lenzi ya Zeiss ni alama ya tabaka hilo. Kioo cha njano kama chai ya rangi si lazima kiwe kimeharibika: baadhi ya lenzi, kama Super-Takumar ya milimita 50 ya vioo saba, zina madini ya thoriamu yanayogeuza rangi miaka ikienda. Iache juani siku kadhaa, kioo kitarudi cheupe. Iangalie tu isije ikakusanya mionzi ya jua ikaunguza kitambaa cha meza.

Halafu namba. Lenzi za Kodak za Marekani za miaka ya 1940 na 1950 zina herufi mbili mbele ya namba, na siri yake ni neno CAMEROSITY: C ni 1, A ni 2, M ni 3, E ni 4, R ni 5, O ni 6, S ni 7, I ni 8, T ni 9, Y ni 0. EO ni 46, yaani 1946. Kamera za Zenit na lenzi zake zilizotoka kiwanda cha Krasnogorsk, chenye alama ya mche wa kioo uliopenywa na mwale, aghalabu huanza na tarakimu mbili za mwaka: namba inayoanza na 74 ni ya 1974. Zenit-E ndiyo ninayoletewa kuliko zote, nyingine zina duara za Olimpiki ya Moscow 1980, na mwenyewe huwa ameshaambiwa ni adimu. Si adimu. Ila Helios ya milimita 58 iliyo mbele yake ni lenzi nzuri kweli, itunze.

Hatua ya 6: Sasa soma jina

Turudi kwa tai wangu. Leica ya kwanza ilioneshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925, kazi ya Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar. Mwaka 1932 ikaja Leica II, yenye kipima umbali kinachokwenda pamoja na lenzi. Miaka miwili tu baadaye, mjini Kharkiv, vijana yatima na watoto wa mitaani waliolelewa katika jumuiya ya kazi wakaanza kutoa nakala yake kwa wingi. Wakaiita FED, herufi za kwanza za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Baada ya vita kiwanda cha Krasnogorsk nacho kikatoa Zorki, jina lenye maana ya mwenye macho makali. Hizo ni kamera halali zenye majina yao. Uongo ulikuja baadaye, watu walipokwangua jina la Kirusi, wakachonga "Leica", wakaongeza tai, wengine wakapaka dhahabu.

Namna ya kuwakamata ni hii. Lenzi ni ya hesi. Izungushe kinyume cha saa mpaka itoke. Tazama juu ndani ya koo la kamera: kuna mkono mdogo wa chuma unaogusa mgongo wa lenzi na kupeleka habari kwenye kipima umbali. Kwenye Leica, ncha ya mkono huo ina kigurudumu kidogo kinachozunguka ukikigusa kwa ukucha. Kwenye FED na Zorki ncha ni kipande kizima cha chuma, umbo la kabari, hakizunguki. Kabari ndiyo aliyoiona mzee fundi saa.

Ukiishika Zorki-4, vuta shata kwanza ndipo ubadilishe kasi. Ukifanya kinyume unaweza kuvunja mashine ya ndani, na vipuri vyake utavitoa kwenye Zorki nyingine.

Hatua ya 7: Kuitunza

Shata ikikwama, usitie mafuta. Niliwahi kupokea Yashica nzuri iliyonyweshwa mafuta ya cherehani na mwenye nayo. Yalitambaa mpaka kwenye visu vya tundu la mwanga, vikagandana kama chapati baridi. Mpe fundi, au iache hivyohivyo.

Mkoba wa ngozi ni mzuri kwa picha, mbaya kwa kamera: ngozi inashika unyevu na kuvu huanzia humo. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki kinachofunga kabisa, pamoja na vipakiti vya silika vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchele usitumie, una vumbi. Toa betri. Nyingi za kamera za zamani zenye betri zilitumia betri za zebaki za volti 1.35 zisizouzwa tena. Za volti 1.5 zinaingia, lakini kipima mwanga kitakosea kidogo.

Mwisho andika kadi ya kila kamera: namba, filamu, kasi, hali ya kioo, ulipoipata, aliyokuambia muuzaji. Hiyo ya mwisho iandike hata kama huiamini. Kadi namba 1 kwangu inasema: "Zorki. Koo lina kabari. Tai amechongwa baadaye. Muuzaji: ya Mzungu, enzi za vita. Shata inafanya kazi. Haiuzwi."