Namna ya kutenganisha maumbo ya ngisi wa bahari kuu bila kudanganywa na ukubwa

Wengi wakimwaga sampo ya ngisi mezani kitu cha kwanza ni rula, wakubwa huku wadogo kule, afu wadogo wote wanaandikwa watoto. Hapo ndo data inaharibika. Kwa ngisi wa bahari kuu spishi moja inaweza kuwa na maumbo kadhaa, yaani aina za mwili zinazotofautiana, so mdogo anaweza kuwa ameshakomaa na ana mayai, na yule mwenye mwili mara mbili yake bado kabisa.

Kupima utapima, ila pima joho tu, yaani ule mfuko wa mwili, kwa upande wa mgongo, minyiri iache maana inavutika na mara nyingi imekatika. Baada ya hapo pasua uangalie jinsia na ukomavu. Jike aliyekomaa ana tezi mbili nene nyeupe na mayai yamejaa, dume ana mkono mmoja kwenye ile jozi ya upande wa tumbo umebadilika umbo kwa ajili ya kupitisha mbegu. Majike na madume kila mmoja na grafu yake tafadhali, majike kwa kawaida ni wakubwa zaidi, ukiwachanganya utaona makundi mawili ambayo hayapo.

Sasa umbo lenyewe. Chukua Sthenoteuthis oualaniensis wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, huyu ndo anasumbua watu kuliko wote. Wa kawaida ana doa kubwa la kutoa mwanga mgongoni, karibu na kichwa. Kwenye maji ya ikweta kuna wadogo ambao doa hilo hawana kabisa, wanakomaa joho likiwa na sentimita 10 hivi, halafu kaskazini mwa Bahari ya Arabuni kuna majitu ya mpaka sentimita 65, na wote bado wana jina moja la spishi! Kwa hiyo doa liandike kwa kila ngisi, lipo au halipo, na kama ngozi imechubuka angalia kwa makini kabla hujaandika halipo.

Umri unausoma kwenye statolithi, vile vijiwe vidogo vya kichwani vinavyomsaidia kujua amekaaje majini, unavisaga taratibu mpaka pete zionekane, pete moja siku moja. Wengi wanaishi kama mwaka mmoja tu, so walioanguliwa msimu tofauti wamekulia kwenye joto na chakula tofauti na miili inatofautiana. Ngisi wa spishi ya Dosidicus gigas wa Ghuba ya California baada ya El Niño (maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida) ya 2009-2010 walianza kukomaa wakiwa wadogo sana kuliko zamani, kwa hiyo mazingira peke yake yanaweza kubadilisha saizi bila spishi kubadilika.

Ndo maana bila DNA usitangaze umepata spishi mpya. Kata kipande cha nyama ukiweke kwenye ethanoli kali, formalini hapana, inaharibu DNA na asidi yake inakula statolithi. Na kipimo hiki kinaweza kugeuza mambo kweli, Ommastrephes bartramii alihesabiwa spishi moja dunia nzima kwa miaka mingi, 2020 akagawanywa kuwa spishi nne.

Kwenye lebo weka mahali, tarehe, saa, kina, na chombo kilichotumika, wavu au kulabu za taa (za kuvulia ngisi wanaofuata mwanga), maana kulabu zinachagua saizi na wale wadogo waliokomaa wanaweza wasionekane kabisa kwenye sampo yako.