Swapu Inayovuka Mipaka: Hatua za Kujua Kama Ipitishwe Nyumba ya Ulipanaji, na Nyumba Ipi

Mwongozo huu ni wa mwanasheria wa benki, afisa wa usimamizi wa hatari au mtumishi wa mamlaka ya udhibiti aliyeletewa mezani mkataba wa swapu (wa kubadilishana malipo ya baadaye, mathalani riba isiyobadilika kwa riba inayopanda na kushuka) uliofungwa nje ya soko rasmi, kati ya pande za nchi mbili tofauti. Ana maswali mawili ya kujibu. Je, mkataba huu ni lazima upitishwe katika nyumba ya ulipanaji? Na kama ni lazima, nyumba ipi inaruhusiwa? Makosa mengi ninayoyaona katika kazi hii hutokana na kuyajibu maswali hayo kana kwamba ni moja. Wajibu hutegemea wahusika na aina ya mkataba, ilhali ruhusa ya nyumba hutolewa na kuondolewa na mamlaka, wakati mwingine kwa sababu zisizohusu mkataba wako hata kidogo.

Kwa ufupi, nyumba ya ulipanaji huuvunja mkataba wa pande mbili na kuweka mahali pake mikataba miwili, kila upande ukibaki unadaiana na nyumba peke yake. Nyumba hukusanya dhamana ya awali, hulipisha tofauti ya thamani kila siku, na hutunza mfuko wa pamoja uliochangiwa na wanachama. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilipofilisika Septemba 2008, nyumba ya ulipanaji ya LCH ya London iliurithi mlundikano wa swapu za riba zenye thamani ya kimahesabu ya takribani dola trilioni 9, ikaumaliza kwa dhamana ya Lehman yenyewe bila kuugusa mfuko wa pamoja. AIG, kampuni ya bima ya Marekani ambayo mikataba yake ya kukinga mikopo isiyolipwa haikuwa na nyumba katikati, iliokolewa siku hizo hizo kwa mkopo wa hadi dola bilioni 85 kutoka Benki Kuu ya Marekani. Mwaka mmoja baadaye, mjini Pittsburgh, viongozi wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, waliagiza kwamba mikataba yote yenye sura ya kawaida ipitishwe katika nyumba za ulipanaji ifikapo mwisho wa 2012. Agizo lilikuwa moja, lakini kila mamlaka ilitunga sheria yake, na ndiyo maana mkataba mmoja huweza kudaiwa utii na wakubwa wawili.

Hatua ya kwanza: wajue wahusika kabla hujausoma mkataba

Kwa kila upande, andika nchi uliposajiliwa, tawi lililofunga mkataba, kama ni taasisi ya fedha au kampuni ya biashara ya kawaida, na nani amemdhamini. Suala la mdhamini ndilo husahaulika zaidi. Kampuni tanzu iliyoko nje ya Marekani lakini iliyodhaminiwa na kampuni mama ya New York inaweza kuvutwa chini ya sheria ya Marekani ingawa haina hata ofisi huko.

Kisha uliza sheria inafika wapi. Sheria ya Dodd-Frank ya 2010 ya Marekani iliweka swapu nyingi chini ya CFTC, tume ya huko inayosimamia masoko ya mikataba ya aina hii, na kuhusu shughuli za nje ikasema tume ishike zile tu zenye uhusiano wa moja kwa moja na wenye uzito na biashara ya Marekani. Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni ya EMIR ya 2012, ulikwenda njia nyingine kidogo: mhusika wa nje huchukuliwa kana kwamba amesajiliwa Ulaya, kisha huulizwa kama angebanwa na wajibu huo. Hata wahusika wawili wa nje wanaweza kubanwa iwapo mkataba wao una athari ya moja kwa moja, kubwa na inayotabirika ndani ya Umoja. Uingereza ilibeba kanuni hiyo katika sheria zake ilipotoka.

Hatua ya pili: linganisha mkataba na orodha

Hakuna mamlaka inayolazimisha kila swapu. Kila moja ina orodha yake, na mkataba usiomo hauna wajibu wa ulipanaji, ingawa unaweza kudaiwa dhamana chini ya kanuni za mikataba isiyopitishwa. CFTC ilitoa orodha yake ya kwanza mwishoni mwa 2012, ikianza kutumika Machi 2013; Ulaya ilianza Juni 2016. Orodha hizo husomwa kwa sarafu, aina ya riba na muda. Mathalani, CFTC inadai ulipanaji kwa swapu za dola zinazofuata SOFR, riba rejea ya mikopo ya dola ya usiku mmoja, za muda wa siku 7 hadi miaka 50.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuvuta pumzi hapa, kwa kuwa swapu za shilingi hazimo katika orodha yoyote kati ya hizo. Swapu za kubadilishana fedha za kigeni nazo hazibanwi: Marekani ilizitoa kwa uamuzi wa Wizara ya Fedha wa Novemba 2012, na Ulaya haijawahi kuziweka katika orodha. Kazi huanza pale benki ya Afrika Mashariki inapojikinga dhidi ya riba ya mkopo wa dola au yuro.

Hatua ya tatu: tafuta msamaha, tena kwa kila sheria peke yake

Chukua benki ya Nairobi inayofunga swapu ya riba ya dola ya miaka mitano inayofuata SOFR. Ikiifunga na benki ya New York, upande mmoja ni mtu wa Marekani na mkataba umo katika orodha, basi wajibu upo, na udogo wa benki ya Nairobi peke yake hauuondoi. Ikiifunga na benki ya Paris, mambo hubadilika: tangu marekebisho ya EMIR ya 2019, taasisi ya fedha ambayo mikataba yake, pamoja na ya kundi zima ililomo, haifikii viwango vilivyowekwa haina wajibu wa ulipanaji. Kwa swapu za riba, kiwango kilichotumika baada ya marekebisho hayo kilikuwa yuro bilioni 3, ambacho benki nyingi za kwetu haziwezi kukifikia. Riba ni ile ile na muda ni ule ule, lakini jibu limegeuka kwa sababu ya aliyeketi upande wa pili.

Kampuni isiyo ya kifedha, tuseme shirika la ndege, ina mlango mpana zaidi. Marekani huisamehe ikiwa inajikinga dhidi ya hatari ya biashara yake, na Ulaya haihesabu mikataba ya kujikinga katika viwango vyake. Benki za maendeleo za kimataifa, ikiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika, zimeondolewa katika wajibu huu pande zote mbili. Msamaha mara nyingi hudai taarifa ipelekwe au ushahidi utunzwe, kwa hiyo usiishie kuuandika kwenye barua pepe ya ndani.

Hatua ya nne: thibitisha ruhusa ya nyumba

Kwa Marekani, nyumba lazima iwe imesajiliwa CFTC au iwe imepewa msamaha wa usajili. Kwa Ulaya, nyumba ya nje lazima itambuliwe na ESMA, mamlaka ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya fedha iliyoko Paris, baada ya Tume ya Ulaya kukiri kwamba sheria za nchi husika zinalingana na zake. LCH ya London ina vyote viwili, na hiyo ni sababu mojawapo ya swapu nyingi kuishia huko. Msamaha usiuchukulie sawa na usajili: CFTC ilipoisamehe nyumba ya JSCC ya Tokyo mwaka 2015, ruhusa ilikuwa kwa mikataba ya wanachama wenyewe, si ya wateja wao wa Marekani.

Yaliyotokea India yanafaa kusomwa na kila anayefanya kazi hii. Sheria ya Ulaya, iliyorekebishwa 2019, inadai ESMA iwe na makubaliano ya ushirikiano na msimamizi wa nyumba ya nje, yakiwemo ya kupata taarifa na kufanya ukaguzi. Wasimamizi wa India, Benki Kuu ikiwa mbele, hawakukubali mamlaka ya kigeni ikague nyumba zilizo chini yao. Oktoba 2022 ESMA ilitangaza kuondoa utambuzi wa nyumba sita za India kuanzia 30 Aprili 2023, ikiwemo CCIL inayohudumia soko la hati za serikali na swapu za rupia. Kilichokosekana kilikuwa makubaliano tu. Hakuna aliyesema dhamana zimepungua. Hata hivyo benki za Ulaya zilizokuwa wanachama zilijikuta hazina pa kusimama, mpaka wasimamizi wa Ujerumani na Ufaransa walipozipa benki zao muda hadi Oktoba 2024. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini gharama iliwaangukia watu ambao hawakuwa mezani.

Hatua ya tano: pima dhamana na mkono wa kati

Benki ya Nairobi haitakuwa mwanachama wa LCH. Itapitia kwa mwanachama kama mteja. Uliza dhamana yako inahesabiwa na kutengwa vipi, na sheria ya nchi gani itatumika mwanachama huyo akifilisika. Kwa swapu za riba, Marekani na Ulaya zote hukadiria hasara ya siku 5, hivyo tofauti si kubwa. Mzozo wao uliodumu hadi makubaliano ya Februari 2016 ulihusu zaidi mikataba inayouzwa katika soko rasmi: Ulaya ilikadiria siku 2 kwa hesabu ya jumla baada ya kufuta madeni yanayopingana, Marekani siku 1 kwa kila mteja bila kufuta.

Hatua ya sita: weka tarehe za ukomo katika kalenda na katika mkataba

Ulaya imezitambua nyumba za Uingereza kwa muda tu, na uamuzi wa sasa unaishia 30 Juni 2028. Tangu Juni 2025, wahusika wa Ulaya wanaovuka viwango fulani wanatakiwa pia kuwa na akaunti hai katika nyumba iliyo ndani ya Umoja kwa baadhi ya mikataba ya yuro na zloti, sarafu ya Poland. Benki yako inaweza isiguswe na sharti hilo, lakini mwenzako wa Frankfurt akiguswa atakuomba mhamie Eurex, nyumba ya ulipanaji ya Ujerumani, na bei ya swapu hiyo hiyo huko si lazima ilingane na ya London. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, mkataba na mwanachama anayekupitishia useme mambo matatu: nyumba ikipoteza utambuzi, nani ataamua pa kuhamia, nani atalipa gharama ya kuhama, na utapewa notisi ya siku ngapi kabla nafasi zako hazijafungwa bila ridhaa yako.