SOMO: Dawa za paka mwenye moyo mnene (msuli wa moyo umenenepa kupita kawaida), hasa klopidogreli, ile inayomtoa povu

Naandika mara moja, atakayeuliza tena naye atatumiwa hapa. Ni kwa paka ambaye daktari wa mifugo ameshampiga altrasaundi ya moyo na kumwandikia dawa.

1. Mpime uzito.

2. Hesabu pumzi akiwa usingizini kabisa. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zikizidi 30 kwa dakika, hesabu tena. Zikibaki hivyo, mpigie daktari. Akihema mdomo wazi, usihesabu, mkimbize kwa daktari.

3. Furosemidi (Lasix), dawa ya kukojoza maji yaliyozidi, kama mapafu yana maji: kwa kawaida huanza miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, kila saa 12. Robo ya kidonge cha 40 ni miligramu 10. Kwa paka wa kilo 4 hiyo imezidi. Maji ya kunywa asinyimwe. Figo na potasiamu zipimwe ndani ya wiki ya kwanza.

4. Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kidonge cha binadamu ni miligramu 75, paka hupewa robo (18.75) mara moja kwa siku. Ganda la nje ndilo linaloficha uchungu. Ukishakikata, paka anatoa povu, na siku ya tatu anajificha akikuona tu, hata Lasix haipiti. Kata kwa wembe mpya, tia robo kwenye kapsuli tupu namba 4, nawa mikono, KISHA futa kapsuli kwa kitambaa kikavu. Chembe moja nje inatosha kuharibu kazi. Ipake siagi kidogo. Ikishamezwa, mpe mililita 3 hadi 5 za maji polepole kwa bomba lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo: kapsuli ikikwama kwenye umio huchoma. Usisage kwenye chakula.

Swali: Wangu anahema sana, nimpe robo ya ngapi?
Jibu: Soma sentensi ya pili ya somo (ni kwa paka aliyekwisha kupimwa na daktari), kisha namba 2.

Swali: Jana nilisahau, leo nimpe mbili?
Jibu: Hapana.

Swali: Aspirini ninayo ndani, si ni yaleyale?
Jibu: Si yaleyale. Kwa paka waliokwisha kupata donge la damu, klopidogreli ilishindanishwa na aspirini, na klopidogreli ndiyo iliyoshinda. Na Panadol usithubutu, inaua paka.

Swali: Damu inagandaje ndani ya moyo unaodunda?
Jibu: Swali zuri. Msuli mnene haulegei vizuri kupokea damu, kwa hiyo chumba cha juu kushoto kinatanuka na damu inazubaa humo hadi inaganda. Donge likichomoka hushuka hadi mshipa mkuu unapogawanyika kuelekea miguu ya nyuma: miguu inalegea, inakuwa baridi, paka analia kwa maumivu. Ndiyo maana chumba hicho kikitanuka sana dawa huanzwa hata paka akiwa anarukaruka.

Swali: Naweza kujaza kapsuli za mwezi mzima?
Jibu: Za wiki moja. Kichupa kikavu, kifuniko kimekazwa; unyevu wa Pwani huzilainisha zikashikana.