Misuli Ikirukaruka: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kununua Vidonge vya Madini

Ukope au shavu la mguu likianza kurukaruka lenyewe, wengi wetu hukumbuka kwanza usemi wa wazee kwamba jicho likicheza kuna mgeni au kuna kilio, kisha usiku huingia hofu nyingine, ya kupungukiwa madini au kupatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Hofu hiyo ni nzito, nami naomba usiipeleke moja kwa moja kwenye duka la dawa.

Anza kwa kupima nguvu zako. Simama kwa ncha za vidole, tembea hatua kumi kwa visigino, funga vifungo vya shati, zungusha ufunguo mlangoni. Ukiyaweza hayo yote kama zamani, na hakuna msuli uliosinyaa, kurukaruka peke yake kwa kawaida si hatari. Lakini udhaifu unaoongezeka, ulimi kuwa mzito, kupaliwa mara kwa mara au kukosa pumzi ni mambo ya kwenda hospitali bila kuchelewa.

Kisha weka daftari kwa wiki 2. Mstari kama "Jumanne, saa 4 usiku, shavu la mguu wa kushoto, kahawa vikombe 4, nililala kwa muda wa saa 5 tu" unatosha. Mara nyingi kurasa hizo huonyesha kahawa, miraa, usingizi haba, mazoezi mazito au wasiwasi wenyewe, kwa kuwa anayeuchunguza mwili wake kila dakika huhisi hata mitikisiko ambayo asingeitambua. Punguza jambo moja kwa wakati ili ujue lipi lilikuwa chanzo.

Upungufu wa kweli wa madini mara nyingi huwa na sababu inayoonekana: kuharisha au kutapika kwa siku nyingi, pombe nyingi, baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo, omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) iliyotumiwa kwa muda mrefu, au upasuaji wa tezi ya shingo. Kalsiamu ikishuka, mtu huweza kuhisi ganzi kuzunguka midomo na vidoleni, na mikono hukakamaa. Ukijikuta humo, usiache dawa kwa uamuzi wako. Mpelekee daktari daftari na orodha ya dawa zako, mzungumzie kupima kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, figo na tezi ya shingo. Mweleze historia yote, maana magnesiamu iliyomo kwenye damu ni chini ya asilimia 1 ya ile ya mwili mzima, na majibu mazuri ya kipimo cha damu hayamalizi swali.

Wakati unasubiri majibu, mchicha, maharage, korosho, mbegu za maboga, maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao vinatosha kwa mtu mwenye figo nzima. Vidonge vya magnesiamu huharisha vikizidi, na mgonjwa wa figo asimeze kabisa vya potasiamu bila daktari, kwani ikipanda mno katika damu huweza kusimamisha moyo.